Anayewakutanisha: Ufundi wa Matthias Lilienthal

Mwaka 2002, katika mji wa viwanda wa Duisburg magharibi mwa Ujerumani, mtu aliyekata tiketi ya tamthilia hakuonyeshwa kiti. Alipewa karatasi yenye anwani na maelekezo ya njia, akaunganishwa na mtazamaji mwenzake, kisha wawili hao wakaachiwa mtaa. Walitembea kwa miguu, wakapanda ngazi za majengo ya kupanga, wakabonyeza kengele za watu wasiowajua. Ndani ya kila fleti walikuta kitu cha kushuhudia kwa muda wa dakika kama kumi. Mara nyingine aliyewapokea alikuwa mwigizaji, mara nyingine mwenye nyumba mwenyewe, na mara nyingine mgeni hakuweza kabisa kujua yupi ni yupi. Muda ulipokwisha walitoka, wakashika njia kwenda anwani inayofuata, na nyuma yao jozi nyingine ya watazamaji ilikuwa tayari inabisha hodi.

Mpango huo uliitwa X-Wohnungen, na aliyeubuni ni Matthias Lilienthal, mratibu wa tamasha la Theater der Welt la mwaka ule. Kazi zilizoonekana ndani ya fleti zilitungwa na wasanii wengine: waongozaji wa tamthilia, watengenezaji wa filamu, wachoraji, wanamuziki. Yeye alichagua. Mtaa upi, jengo lipi, msanii gani apewe sebule ya nani, mtazamaji aone mlango upi baada ya upi, na atembee umbali gani kati ya mlango na mlango ili akili yake ipate nafasi ya kupumua. Ukimuuliza mtazamaji wa Duisburg ni nani aliyemgusa siku ile, angekutajia mama aliyemfungulia mlango au msanii aliyeandaa chumba. Jina la Lilienthal lisingemjia mdomoni. Ndivyo ilivyo kazi yake, na ndiyo sababu inastahili kutazamwa polepole.

Sanaa ya mwigizaji tunaiona kwa macho, na ya mwandishi tunaisoma. Lakini yuko mtu anayefanya kazi miaka arobaini katika sanaa za maonyesho bila kusimama jukwaani, bila kuandika tamthilia na bila kuongoza waigizaji, na bado historia ya tamthilia ya nchi yake haielezeki bila yeye. Ili kuupima ufundi wa mtu kama huyo, inabidi utazame alimweka nani mbele ya nani, wapi na lini, kisha ufuatilie miaka ipite uone kilichoota.

Ujerumani ina takriban kumbi 140 za tamthilia zinazoendeshwa kwa fedha za umma, nyingi zikiwa na waigizaji wa kudumu wanaolipwa mshahara. Katika kumbi hizo kuna mtu anayeitwa dramatuji. Husoma tamthilia nyingi ambazo hazitachezwa kamwe, ili apate chache zitakazochezwa. Hukaa na mwongozaji kupunguza maandishi, kuuliza kwa nini hadithi hii isimuliwe leo na kwa nini isimuliwe katika mji huu. Mazoezi yakianza huketi gizani kama mtazamaji wa kwanza, na taa zikiwaka humwambia mwongozaji kile ambacho rafiki zake hawamwambii. Huandika pia kijitabu cha onyesho, ambacho mtazamaji hukisoma akisubiri pazia lifunguliwe.

Cheo hiki kina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1767 Gotthold Ephraim Lessing aliajiriwa na ukumbi mpya wa taifa mjini Hamburg, akawa anaandika makala kuhusu tamthilia zilizochezwa humo. Ukumbi ulifungwa baada ya muda mfupi, lakini makala zake 104 zinasomwa hadi leo. Bertolt Brecht, ambaye wasomaji wa Kiswahili wameuona mkono wake kupitia tamthilia za Ebrahim Hussein, naye alikuwa dramatuji Munich na baadaye Berlin katika miaka ya 1920. Kwa hiyo Lilienthal alirithi kazi yenye wazee wake. Alichoongeza ni kuitoa kazi hiyo kwenye karatasi. Wazee wake walichagua maandishi. Yeye alianza kuchagua watu na mahali.

Kwetu sisi, anayekaribia zaidi kufanya kazi ya namna hii ni mshenga. Mshenga mwema hazijui familia mbili kwa majina tu. Anajua mzee gani ana moyo mwepesi, shangazi gani lazima aulizwe mapema, neno gani lisemwe leo na lipi lingoje. Akikosea, ugomvi unamrudia yeye. Akipatia, siku ya harusi watu wanawapigia vigelegele bwana na bibi harusi, naye amekaa pembeni anakula pilau. Hakuna anayemwonea huruma kwa kukaa pembeni, kwa sababu hapo ndipo mahali pake.

Lilienthal alizaliwa Berlin mwaka 1959. Alisomea tamthilia, historia na Kijerumani katika Chuo Kikuu Huria cha Berlin, akaandikia magazeti, kisha akaenda Basel nchini Uswisi, alikokuwa dramatuji tangu 1988 hadi 1991 chini ya mkurugenzi Frank Baumbauer. Ukuta wa Berlin ulianguka katikati ya miaka hiyo. Aliporudi nyumbani, mji wake ulikuwa umeunganishwa kwenye ramani na bado umegawanyika mioyoni. Upande wa mashariki kulikuwa na Volksbühne, ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 1914 kwa michango ya wafanyakazi waliotaka tamthilia wanazoweza kuzimudu. Mwaka 1992 ulikabidhiwa kwa Frank Castorf, mwongozaji mkorofi kutoka Ujerumani Mashariki, na Lilienthal akawa dramatuji wake mkuu hadi 1998.

Katika miaka hiyo paa la Volksbühne lilibeba maandishi makubwa yenye maana ya «Mashariki». Wakati serikali na wafanyabiashara walikuwa wanafuta alama za nchi iliyotoweka, ukumbi huu uliwaambia wakazi wake kwamba maisha waliyoishi hayakuwa takataka. Mwaka 1993 jarida la Theater heute, ambalo kila mwaka hukusanya kura za wahakiki, liliutangaza kuwa ukumbi bora wa mwaka.

Sifa nyingi zilikwenda kwa Castorf, na alizistahili. Lakini tazama aliyeletwa mwaka huohuo wa 1993. Christoph Schlingensief alikuwa mtengenezaji wa filamu za fujo, kijana ambaye hakuwa amewahi kuongoza tamthilia. Lilienthal alizijua filamu zake, akamwita Volksbühne atengeneze onyesho la jukwaani. Kazi hiyo, iliyokejeli chama kikuu cha kihafidhina cha Ujerumani kwa jina lake, ilikuwa na kelele na makosa mengi. Mtu mwenye haraka angemshukuru Schlingensief na kumrudisha kwenye kamera yake. Volksbühne ilimwita tena. Kadiri miaka ilivyopita akawa mmoja wa wasanii wa jukwaa wazito kuliko wote nchini mwake, akaongoza opera ya Wagner huko Bayreuth, na mwaka 2010, miezi michache kabla ya kufariki, jiwe la msingi la Kijiji chake cha Opera liliwekwa nchini Burkina Faso, majengo yakichorwa na Francis Kéré. Shule iliyojengwa pale inafundisha watoto. Mtu akitaka kujua dramatuji hufanya nini, na aanzie kwenye shule hiyo, arudi nyuma hadi mwaka 1993, kwenye mwaliko mmoja uliotoka Berlin kumwita mtu asiye na uzoefu wa jukwaa.

Hapo pana jambo ninalolistahi kuliko yote katika ufundi huu: kumwamini mtu kabla kazi yake haijaonekana. Kumsifu msanii aliyekwisha kung'aa hakuhitaji ujuzi. Kumwambia «njoo, jukwaa ni lako» huku hujui ataleta nini, kisha kusimama naye onyesho la kwanza likizomewa, ni ujuzi unaojengwa kwa kutazama kazi nyingi mbovu kwa makini, hadi jicho lijifunze kutofautisha ubovu wa mtu asiye na la kusema na ubovu wa mtu ambaye bado hajapata mahali pa kulisemea.

Theater der Welt ya mwaka 2002 ilienea katika miji minne: Bonn, Düsseldorf, Köln na Duisburg. Humo kulikuwa na kazi nyingine inayoonyesha jicho hilo. Kundi changa ambalo baadaye dunia ililijua kwa jina la Rimini Protokoll lilitaka wananchi wa Bonn, mji uliokuwa umepoteza bunge baada ya bunge kuhamia Berlin, waigize kikao kizima cha bunge siku ileile kilipokuwa kinafanyika. Zaidi ya raia 200 walivaa visikilizio masikioni, wakasikia hotuba zikitoka Berlin, wakazirudia papo hapo kwa midomo yao, tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Spika wa bunge, Wolfgang Thierse, alikataza ukumbi wa zamani wa bunge usitumike akihofia heshima ya bunge, kwa hiyo kikao kilifanyika kwenye jukwaa la tamthilia. Katazo lenyewe lilizua mjadala nchini: mwananchi akiyasema maneno ya mwakilishi wake neno kwa neno, anamdhihaki au anaidai sauti yake? Mratibu alikuwa amepata alichotafuta. Swali lililoanza kama wazo la vijana wachache liliwafanya hata watu ambao hawangekata tiketi wabishane juu yake.

Mwaka 2003 Lilienthal alipewa nyumba yake mwenyewe, au tuseme nyumba tatu. Kumbi tatu za Kreuzberg zilizo karibu na mfereji wa Landwehr ziliunganishwa zikawa Hebbel am Ufer, ambayo wenyeji huiita HAU. Kubwa yao ni Hebbel-Theater ya mwaka 1908, iliyochorwa na Oskar Kaufmann, mbunifu yuleyule wa Volksbühne. HAU haikuwa na waigizaji wa kudumu. Ilitegemea wasanii wa kujitegemea, fedha za miradi, na uamuzi wa kila wiki kuhusu nini kiwekwe wapi. Ndani ya mwaka mmoja, mwaka 2004, Theater heute iliitangaza ukumbi wa mwaka.

Kreuzberg ni mtaa ambao kwa miongo mingi umekuwa makao ya familia zilizotoka Uturuki kufanya kazi za viwandani. Kumbi zake ziliwahi kuwapo bila familia hizo kuingia. Lilienthal hakutangaza kampeni ya kuwakaribisha; alimpa kazi Shermin Langhoff, mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa akifanya kazi kwenye filamu, akamwachia apange mwenyewe. Mwaka 2006 Langhoff alianzisha hapo tamasha la wasanii waliozaliwa katika familia za wahamiaji. Humo Neco Çelik aliongoza kazi ya Feridun Zaimoglu na Günter Senkel, mfululizo wa masimulizi ya vijana wa kike wa Kiislamu wanaosema yale ambayo hakuna aliyetarajia kuyasikia kutoka kwao, si wahafidhina wa Kijerumani wala wazee wa mtaani. Mwaka 2008 Langhoff aliondoka kwenda kufungua ukumbi wake, Ballhaus Naunynstraße, umbali mfupi tu kutoka hapo. Mwaka 2013 akakabidhiwa Maxim Gorki, ukumbi wa serikali katikati ya Berlin, na mwaka 2014 ukumbi huo nao ukawa bora wa mwaka.

Mratibu mwenye wivu angemzuia Langhoff abaki HAU, aendelee kulipamba jina lake. Kuondoka kwake kulikuwa ushahidi kwamba nyumba ilifanya kazi sawasawa. Kwa miaka kama kumi hivi, tamthilia ya Berlin ilijifunza kusimuliwa na watoto wa wafanyakazi wahamiaji, na mlango wa kwanza ulifunguliwa kando ya mfereji ule.

HAU pia ilifanya umbali kuwa jukwaa. Mwaka 2005 Rimini Protokoll waliwapa watazamaji simu ya mkononi. Upande wa pili wa laini alikuwapo mfanyakazi wa kituo cha simu mjini Kolkata, India, ambaye hajawahi kukanyaga Berlin, akiwaongoza mtaa kwa mtaa: pinda kushoto, tazama ule ukuta, subiri kidogo. Mtu mmoja alitembea, mwingine aliketi maelfu ya kilomita mbali, wakawa wanaambiana habari za nyumbani. Watu wengi wa Ulaya walikuwa wamezoea kuhudumiwa na sauti kama hiyo bila kuiuliza jina. Safari hii walilazimika kuitegemea ili wasipotee.

X-Wohnungen nayo haikubaki Duisburg. Ilikuja Berlin, katika mitaa ya Kreuzberg, Lichtenberg na Neukölln, na ikasafiri hadi Istanbul, São Paulo, Johannesburg na Beirut. Kila mji ulilazimu kazi ianze upya. Fleti zilitafutwa mlango kwa mlango, wenyeji wakashawishiwa, na mtu akapaswa kunywa chai nyingi kabla ya kupata ndiyo moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mpango huu uliyachukua maneno hayo kwa uzito wake wote. Mwenyeji aliyekubali alijua kwamba kwa siku kadhaa sebule yake itatazamwa na wageni wawili wawili. Mgeni naye aliingia na aibu ya mtu anayekanyaga zulia la mwenzake. Ukumbini giza humficha mtazamaji. Sebuleni anaonekana, na ni juu yake kuamua akae wapi na mikono aiweke wapi. Ufundi wa Lilienthal ulikuwa kujua kwamba aibu hiyo ndogo inafundisha kuhusu jirani kuliko hotuba yoyote kuhusu ujirani.

Alipoiaga HAU mwaka 2012, hakufanya sherehe ya hotuba. Aliwapandisha watazamaji kwenye basi kwa saa 24 kuzunguka Berlin Magharibi, wakipita majengo na viwanja ambako wasanii mbalimbali walikuwa wameandaa sehemu za riwaya ndefu ya mwandishi David Foster Wallace. Mwaka huo HAU ikawa ukumbi bora kwa mara ya pili. Yeye akaenda Beirut kufundisha wasanii vijana katika mpango wa shirika la sanaa la Ashkal Alwan, na kutoka huko uhusiano wake na wasanii kama Rabih Mroué ukaendelea hadi Munich, alikokabidhiwa ukumbi wa Kammerspiele mwaka 2015.

Munich ni mahali ambapo ufundi huu ulijaribiwa vikali. Kammerspiele iko kwenye barabara ya Maximilian, penye maduka ya bei ghali kuliko yote mjini, katika mji ambao kodi za nyumba zinawatoa watu jasho. Lilienthal alianza kwa kuwaalika wajenzi na wanafunzi wasimamishe vibanda vya kulala vilivyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, katikati ya mji, na mtu yeyote angeweza kukodi kimoja kwa usiku. Mwezi huohuo wa Septemba maelfu ya wakimbizi walikuwa wanashuka kwenye stesheni kuu ya Munich. Oktoba ukumbi uliitisha mkutano wa siku kadhaa kuhusu mipaka, na baadaye ukaunda kundi lililohusisha waigizaji kutoka Syria.

Watazamaji wa zamani walinung'unika, na malalamiko yao yalikuwa na uzito. Kammerspiele ni nyumba ya waigizaji mahiri, na waigizaji watatu waliopendwa walitangaza kuondoka mwaka 2016. Mwigizaji anahitaji nafasi ya kukua ndani ya mhusika, na mratibu aliyezoea kualika watu kutoka pande zote anaweza kusahau kwamba walio nyumbani nao wana njaa. Mwaka 2018 chama cha kihafidhina cha CSU katika baraza la jiji kilitangaza kwamba hakitaunga mkono mkataba wake uongezwe, naye akasema ataondoka muda wake ukiisha.

Katika miaka hiyohiyo ya lawama ilizaliwa kazi ambayo kwangu ndiyo kilele chake. Mwaka 2015 Anna-Sophie Mahler alikuwa ameongoza hapo Mittelreich, kutokana na riwaya ya Josef Bierbichler kuhusu vizazi vya familia ya wenye hoteli kando ya ziwa huko Bavaria. Ilipendwa sana, ikaalikwa Theatertreffen, tamasha la Berlin linaloteua maonyesho kumi ya kutajika ya mwaka. Anta Helena Recke, Mjerumani mweusi mzaliwa wa Munich aliyekuwa msaidizi wa waongozaji katika ukumbi huo, akaja na ombi: aruhusiwe kulirudia onyesho lilelile, mandhari ileile, mavazi yaleyale, muziki uleule, hatua kwa hatua, lakini waigizaji wote wawe weusi.

Ukumbi ulikubali, na Oktoba 2017 nakala hiyo ikaonyeshwa. Hakuna kilichobadilishwa, na kila kitu kilibadilika. Mtazamaji aliyedhani hadithi ya familia ya Bavaria haina rangi aligundua kwamba ilikuwa nayo siku zote. Mwaka 2018 nakala nayo ikaalikwa Theatertreffen. Wazo lilikuwa la Recke, kwa ukamilifu, na sifa ni zake. Lakini wazo kama hilo linahitaji nyumba inayokubali kutumia fedha, wiki za mazoezi na jina lake kutengeneza upya kitu ambacho tayari inacho. Mkurugenzi wa kawaida angeuliza faida iko wapi. Huyu alikuwa amejizoeza kwa miaka mingi kutambua swali zuri lisilofanana na kitu chochote kinachouzika.

Mwaka huohuo wa 2018 Christopher Rüping aliongoza hapo Dionysos Stadt, onyesho la saa kumi kwa mfano wa sherehe za tamthilia za Athene ya kale, na waigizaji wa nyumbani wakapata jukwaa kubwa walilolihitaji. Theater heute iliitangaza Kammerspiele ukumbi wa mwaka 2019, na tena 2020. Baraza la jiji lilikuwa limekwisha kumpata mkurugenzi mwingine.

Mwaka 2025 Berlin ilimteua Lilienthal aiongoze Volksbühne kuanzia msimu wa 2026/27, baada ya kifo cha mkurugenzi wake René Pollesch mwaka 2024 kuiacha nyumba hiyo katika majonzi. Kati ya wasanii atakaoshirikiana nao katika uongozi ni Florentina Holzinger wa Austria na Marlene Monteiro Freitas, mtunzi wa dansi mzaliwa wa Cape Verde. Chaguo hilo linasomeka kama mukhtasari wa kazi yake yote: ukumbi wa wafanyakazi wa Berlin Mashariki ukabidhiwe, kwa sehemu, kwa mwanamke aliyetoka visiwani Afrika, kisha watu waonane.

Wanaojifunza sanaa za maonyesho huota kuandika, kuigiza au kuongoza, na vyuo vyetu vinafundisha hayo. Natamani tuwaonyeshe pia kazi hii ya nne, tuifundishe kwa heshima na tuilipe. Mji wenye vipaji vingi unaweza kukaa kimya miaka kwa miaka kwa kukosa mtu mmoja anayejua nani amwalike, amweke katika mtaa gani, na lini amwachie aende zake.